Kichwa Hakichechemei

Mtaani kwetu Temeke naitwa Dokta. Sikulisomea jina hili. Nauza duka la dawa muhimu, na huku kwetu ukikaa nyuma ya kaunta yenye dawa za kikohozi na za maumivu, wewe ni dokta, hata kama ulichosomea ni mafunzo ya wiki chache ya kuhudumia duka la aina hiyo. Wazee wananiita Dokta, watoto wananiamkia shikamoo Dokta, na mwaka 2010 timu ya mtaa ilipotafuta mtu wa kubeba begi la huduma ya kwanza kwenye mechi za mchangani, hakuna aliyeuliza cheti. Dokta tunaye, twendeni uwanjani.

Natoa ushuhuda huu kwa idhini ya mama mmoja na mwanawe, ambao majina yao nayahifadhi. Nautoa kwa sababu jina lile la heshima lilikaribia kumwangamiza mtoto wa watu. Nautoa pia kwa sababu najua kila uwanja wa vumbi una Dokta wake kama mimi, mwenye nia njema na begi mgongoni, na Jumapili ijayo ataulizwa swali nililoulizwa mimi: anaendelea au anatoka?

Begi langu lilikuwa jeusi, zipu ya pembeni imekufa, tumeifunga kwa pini. Ndani mlikuwa na chupa mbili za maji, barafu za mfuko zilizoviringishwa kwenye taulo zisiyeyuke mapema, dawa ya kupuliza, dawa ya kuchua, bandeji, plasta, mkasi, na karatasi ya vidonge vya diklofenaki kutoka dukani kwangu. Mchezaji akianguka, kazi yangu ilikuwa kukimbia. Nikifika namwaga maji, napuliza dawa, nakunja goti, navuta kifundo. Mguu ulioumia hauna siri: unavimba, unachechemea, ukiukanyagia unapiga kelele. Kichwa nacho nilikitibu kwa kanuni hiyohiyo. Kama hakitoki damu na hakijavimba, ni kizima.

Kipimo changu cha kichwa kilikuwa kimoja tu, vidole. Nainua viwili, nauliza vingapi. Akijibu viwili, anacheza.

Jumapili moja ya Agosti 2021 tulikuwa kwenye robo fainali ya kombe la mitaa, mshindi achukue ng'ombe na seti ya jezi. Beki wetu wa kati alikuwa kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha nne, mrefu, mpole, anayeruka kama amewekewa springi miguuni. Mama yake anauza chapati na maharage mkabala na duka langu. Nimemwona kijana huyu akianza shule ya msingi na sare iliyomzidi mikono.

Mwanzoni mwa kipindi cha pili ikapigwa kona. Aliruka yeye, akaruka na mshambuliaji wao. Mpira ukawapita wote wawili. Nikiwa kwenye benchi nilisikia mlio: ko, kama mtu aliyegonganisha vifuu viwili. Mshambuliaji aliinuka ameshika uso. Beki wetu alibaki chali, macho yako wazi, na mikono yake miwili imeinuka juu ya kifua, imekakamaa, vidole vimejikunja. Ilikaa hivyo kwa sekunde chache, kisha ikalegea. Mimi niliyekuwa nakimbia na begi nilidhani ananyoosha mikono tumwinue.

Nikammwagia maji kichwani. "Vidole vingapi?"

"Viwili."

"Unaitwa nani?"

Akataja jina lake.

"Unaweza?"

"Naweza, Dokta."

Kijana wa miaka 17, robo fainali, mtaa mzima umezunguka uwanja, marafiki zake wanaliimba jina lake. Angejibu nini kingine? Nikageukia benchi, nikainua dole gumba. Watu wakapiga mayowe ya furaha.

Dole lile ndilo ninalolishuhudia leo.

Alicheza mpaka filimbi ya mwisho. Kipa alinisimulia baadaye kwamba kijana alimfuata mara mbili kumuuliza matokeo ni ngapi ngapi, na mara moja alipanga ukuta akiwa ameangalia lango letu wenyewe. Tulishinda bao moja bila. Wakambeba mabegani. Njiani akaniambia kichwa kinamgonga, nikampa vidonge viwili vya diklofenaki na maji ya chupa. Mama yake aliposimama mlangoni kutupokea nikamwambia, "Dada, kagongwa kidogo tu, hajambo." Yule mama alishukuru. Aliniamini kama anavyoniamini anapokuja kununua dawa ya homa ya mdogo wake.

Asubuhi alikuja dukani. Mwanawe alilala tangu magharibi, hakula, na taa ikiwashwa anafunika macho. Nikampa vidonge zaidi. Wiki nzima kijana alivimeza, na vidonge vikafanya kazi yake ya kuzima maumivu, yaani vilizima kengele huku moto ukiendelea. Alhamisi mazoezini nikamuuliza vipi kichwa, akasema freshi. Nikaridhika.

Jumamosi ilikuwa nusu fainali, siku ya sita tangu agongwe. Safari hii hakugongana na mtu. Mpira wa kawaida, uliopigwa kwa karibu, ulimgonga upande wa kichwa. Alipiga hatua mbili, akapiga magoti, akatapika. Nilipofika alikuwa anaongea maneno yasiyoungana, ananiangalia bila kunijua. Nilifungua begi, nikatazama ndani, nikatazama tena. Maji, barafu, dawa ya kupuliza. Hapakuwa na kitu cha kumsaidia. Tukampakia kwenye bajaji, kichwa chake mapajani mwangu, na kila shimo la barabara nililisikia moyoni.

Hospitalini daktari wa zamu, mama wa makamo, aliuliza maswali kwa utaratibu huku anaandika. Aliposikia habari ya Jumapili iliyopita, kalamu ikasimama.

"Nani alimruhusu aendelee kucheza?"

Mama yake akajibu, "Dokta ndiye aliyesema hajambo."

"Dokta wa hospitali gani?"

Yule mama akanigeukia. Nilikuwa nimeegemea ukuta, begi mgongoni, na jezi ya timu yenye neno DOKTA kwa herufi kubwa. Hakunisema kwa neno lolote. Alinitazama tu, akingoja nijibu.

"Ni mimi," nikasema. "Nauza duka la dawa."

Nilitarajia kufukuzwa. Daktari alimaliza kwanza kazi yake na mgonjwa, akampeleka kupigwa picha ya CT, kisha akaniita kwenye benchi la korido. Picha ilipotoka ikasomeka haina tatizo, nami nikashusha pumzi. Akanizuia. Picha ile, alisema, inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani humo, maana kilichovurugika ni utendaji wa ubongo, na umbo lake linaweza kuonekana salama kabisa. Akaniuliza kama nimewahi kutikisa nazi. Maji yanacheza ndani, unayasikia, na kifuu hakina hata mkwaruzo. Ubongo nao umeelea ndani ya fuvu, umezungukwa na majimaji. Kichwa kikisimamishwa ghafla au kikizungushwa kwa kishindo, ubongo unavutika na kujikunja humo ndani. Si lazima mtu azimie. Wengi wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu kabisa. Na si lazima agongwe kichwani. Kishindo cha kifuani au shingoni kinachorusha kichwa kinatosha.

Ile mikono iliyokakamaa, akaniambia, ilikuwa ubongo unapiga kelele mbele ya uwanja mzima.

Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Mguu ukiumia unachechemea, kila mtu anaona. Kichwa hakichechemei. Ndiyo maana kinahitaji mtu wa kukisemea, na siku ile mtu huyo ulikuwa wewe."

Kijana alilazwa siku tatu. Mungu alimnusuru, lakini kunusurika ni jambo moja na kupona ni jambo jingine. Nyumbani herufi za daftari zilikuwa zinaogelea asiweze kusoma ukurasa mmoja. Mlio wa fundi wa kuchomelea, ambao mtaa wote tumeuzoea, ulimfanya alie. Kijana mpole akawa mkali kwa wadogo zake, halafu anajuta. Mama yake alishona khanga mbili zikawa pazia zito la dirisha, na alfajiri alihamishia jiko la chapati nyuma ya nyumba ya jirani ili sufuria zisigongane karibu na mtoto. Novemba wenzake walifanya mtihani wa kidato cha nne. Yeye aliufanya mwaka uliofuata.

Muda wote huo yule mama hakuacha kunisalimia asubuhi, na kila salamu ilinichoma. Mwishowe nilimchukua mjomba wangu tukaenda kuomba radhi rasmi, kama mila inavyotaka. Alitukaribisha, akatupa chai. Akasema, "Dokta, mimi nimekusamehe. Lakini ukibeba lile begi tena, ujue unachobeba."

Nilikaa miezi bila kulibeba. Usiku, nikifunga duka, nilisoma kwenye simu, neno kwa neno, na Kiingereza changu cha kubahatisha. Hapo ndipo nilipokutana tena na usiku wa Julai 13, 2014. Usiku ule nilikuwa kwenye kibanda umiza, nimebanwa benchini, tunatazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ujerumani na Argentina kutoka Maracanã. Dakika ya 17 kiungo wa Ujerumani, Christoph Kramer, aligongwa usoni na bega la Ezequiel Garay. Alianguka, akahudumiwa, akarudi. Kibanda kizima tulimpigia makofi kwa ugumu wake. Dakika ya 31 akatolewa, miguu haimtii.

Nilichokuja kukijua miaka saba baadaye ni kwamba katikati ya dakika zile Kramer alimfuata mwamuzi, Nicola Rizzoli, akamuuliza kama ile kweli ni fainali. Mwamuzi alidhani anatania, akamtaka arudie. Akarudia. Mtu yuko kwenye mechi kubwa kuliko zote duniani, madaktari wa taifa tajiri wako hatua chache, na bado aliachwa acheze takriban robo saa bila kujua yuko wapi. Beki wetu naye aliuliza, kwa namna yake, swali hilohilo. Aliuliza kwa kipa, mara mbili, wakati mimi nipo benchini naangalia saa.

Nilisoma pia habari za Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria, aliyechunguza ubongo wa Mike Webster mjini Pittsburgh mwaka 2002. Webster alikuwa nyota wa mpira wa Kimarekani, na akili yake ilikuwa imevurugika kabla ya kufa. Omalu alikuta ndani ya ubongo ule maradhi yanayohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi. Alipochapisha matokeo yake mwaka 2005, madaktari waliofanya kazi na ligi kubwa ya mchezo huo walitaka makala yake ifutwe. Nilijiuliza: ikiwa daktari wa kweli, mwenye hadubini na ushahidi mkononi, alikataliwa hivyo, mimi wa duka la dawa nitasikilizwa na nani pale mashabiki wanapotaka ushindi?

Kilichonirudisha uwanjani ni kisa cha kijana wa miaka 14 wa Ireland Kaskazini. Mwaka 2011, katika mechi ya rugby ya shule, aligongwa zaidi ya mara moja, akaendelea kucheza, akaanguka, akafa. Uchunguzi wa kisheria ulisema ni pigo jipya juu ya ubongo ambao haujapona pigo la kwanza. Ubongo wa kijana ukipigwa tena katika hali hiyo unaweza kuvimba kwa kasi isiyozuilika. Ni jambo la nadra, lakini likitokea ni la dakika chache tu. Niliisoma habari ile mara tatu. Siku sita. Mtoto wetu alipigwa mara ya pili baada ya siku sita, na alirudi nyumbani. Wa kule hakurudi. Sikuwa na haki ya kukaa na ujuzi huo peke yangu.

Basi nilirudi, lakini kwa masharti, na nilimwita kocha na nahodha dukani kuyasema. Sharti la kwanza: suala la kichwa nikilisema limeisha, kocha habishi, nahodha habishi, mchezaji habishi. La pili: mchezaji tunayemshuku anatoka, na siku hiyo harudi uwanjani hata akisema amepona, hata kama tumebaki kumi. Kushuku kunatosha. Wasiohitajika kuwa na uhakika ni sisi. Mwenye kuhitaji uhakika ni yule anayetaka kumrudisha. Kocha alinyamaza kidogo. Alikuwepo siku ile ya bajaji. Akanipa mkono.

Nikabadilisha begi. Diklofenaki nikaitoa. Dawa za kundi lile hazifai mwanzoni mwa jeraha la kichwa, kwa kuwa zinaweza kuongeza hatari ya damu kuvuja, na maumivu yaliyozimwa kwa kidonge hayatuambii ukweli. Nikaingiza daftari la kurasa 48 na kalamu mbili. Ukurasa wa kwanza nimeandika maswali matano yaliyochukua nafasi ya vidole, yaliyojaribiwa kwanza kwa wachezaji wa mpira wa Australia katika miaka ya 1990: Tuko uwanja gani leo? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani kafunga bao la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Akikosa moja, anatoka. Na hapa niwe wazi kwa Madokta wenzangu: akiyajibu yote bado si ruhusa ya kucheza. Kama alikakamaa, kama aliinuka anayumba, kama macho yamekufa, kama anaona ukungu au anasema "najisikia vibaya tu", anatoka.

Ukurasa wa pili ni wa kukimbia hospitali bila kungoja filimbi: kichwa kinachozidi kuuma, kutapika zaidi ya mara moja, degedege, kuona vitu viwiliviwili, mkono au mguu kukosa nguvu au kuwashwa kama sindano, usingizi usioamshika, fujo isiyo tabia yake. Na shingo. Akisema shingo inauma, hatumwinui wala hatumgeuzi mpaka apatikane anayejua namna. Zamani tulikuwa tunamkokota kwa mikono na miguu kama gunia la mkaa. Nikikumbuka naomba toba.

Ukurasa wa tatu nimechora ngazi. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo walikutana Amsterdam Oktoba 2022, na mwaka uliofuata wakachapisha makubaliano yao. Siku moja au mbili za mwanzo ni za kupumzika, lakini mtu hafungiwi gizani; anatembea taratibu, anafanya kazi ndogondogo, simu anaipunguza. Hizo shughuli nyepesi za kila siku ndizo kipago cha kwanza. Cha pili ni mazoezi ya kupandisha pumzi kidogokidogo, kutembea haraka, kisha mbio nyepesi. Cha tatu ni mpira akiwa peke yake, danadana na pasi ukutani, mbali na hatari ya kugongwa. Cha nne ni mazoezi na wenzake bila kugusana. Cha tano ni mazoezi kamili. Cha sita ni mechi. Kila kipago angalau saa 24. Dalili zikizidi, anasimama, kesho anajaribu tena. Kati ya kipago cha tatu na cha nne nimechora mlango: dalili zote ziwe zimekwisha bila msaada wa vidonge, na daktari wa hospitali awe amemwona. Mimi mlango huo siufungui. Na kwa mwanafunzi, darasa linatangulia mechi. Asiyeweza kukaa kwenye hesabu hawezi kukaa langoni. Pia tumechukua tahadhari ya mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa: mechi haichezwi kabla ya siku 21 kupita, na siku ya kuumia ni siku ya sifuri.

Mwaka 2023 ndipo nilipojifunza kitu ambacho miongozo ile haikunifundisha. Winga wetu alianguka kisogo kikapiga ardhi. Nilimtoa, hakubisha, akakaa karibu yangu ananyamaza. Mechi ilipoisha nikageuka kufunga begi, nilipoinua kichwa nikamwona amevaa helmeti, funguo mkononi. Ni dereva wa bodaboda. Abiria wake wa jioni alikuwa anamngoja kituoni.

Nikashika usukani wa pikipiki. "Huendeshi leo."

"Dokta, hii pikipiki ya mkataba. Jioni tajiri anataka hesabu yake. Wewe utamlipa?"

Hakuwa na kiburi. Aliuliza kweli, na macho yake yalikuwa mekundu. Hapo nikaelewa kwamba kwa vijana wetu kurudi mchezoni ni hatua ya mwisho, na kabla yake kuna kurudi kazini, na kazini kwenyewe ni barabara ya Mbagala saa za foleni, na mtu mwingine nyuma amekushika kiuno. Miongozo inasema aliyepata mtikisiko asiendeshe chombo cha moto mpaka aruhusiwe na mhudumu wa afya, asinywe pombe, na asiachwe peke yake saa tatu za kwanza. Lakini mwongozo haulipi hesabu. Jioni ile tulichanga palepale uwanjani. Mwenzake wa kijiweni akaiendesha pikipiki siku zilizofuata, wakagawana. Tangu hapo kila mchezaji anatoa shilingi 500 kila mechi, na fedha hizo hazigusi jezi wala nauli. Tunauita mfuko wa kichwa. Umeshamlipia hesabu mwingine, na umemlipia mbeba mizigo wa sokoni siku nane za kukaa nyumbani. Tangu uwepo, vijana hawaogopi kutoka.

Na sheria za mpira zimetusogelea. Tangu Julai 1, 2024 zinaruhusu mashindano yanayotaka kuwa na mchezaji wa ziada wa kuingia pale mwenzake anaposhukiwa kupata mtikisiko, nje ya idadi ya kawaida ya mabadiliko, na timu pinzani inapewa nafasi kama hiyo. Septemba mwaka huohuo FIFA na Shirika la Afya Duniani wakatangaza kampeni yenye ujumbe mmoja: ukishuku, mlinde. Nilichukua daftari langu nikaenda kwenye kikao cha kamati ya kombe la mitaa. Nilisimama nikasimulia habari ya Jumapili ile, dole langu, na swali la daktari. Sikuficha. Mzee mmoja wa kamati aliuliza kama timu hazitaitumia nafasi hiyo kwa ujanja. Nikamjibu kwamba ujanja wa mabadiliko tunaweza kuuvumilia, jeneza hatuwezi. Wakapitisha.

Yule beki wetu hakurudi kucheza. Alipanda ngazi mpaka kipago cha nne, akasimama mwenyewe, akasema amefurahi kufika hapo. Sasa yuko chuo. Kichwa bado kinamuuma akikosa usingizi. Akija likizo anapita dukani, shikamoo Dokta, na mimi kila mara naitikia nikimtazama macho.

Wiki mbili zilizopita, saa ya kufunga, alisimama mlangoni mtoto wa miaka 15, beki wa kushoto wa timu yetu ya vijana, mmoja wa wale wasiolia hata wakishonwa bila ganzi. Alizungukazunguka mpaka mteja wa mwisho akaondoka.

"Dokta, jana mazoezini nilipigwa kiwiko. Ulikuwa hujafika. Niliona nyota, na leo darasani ubao unacheza. Hakuna aliyeona."

Nilishusha shata nusu, nikamweka kwenye kiti changu. Nikamuuliza yale ya ukurasa wa pili, moja baada ya jingine. Hakuna hata moja. Nikampigia simu mama yake aje tumpeleke zahanati kwa pamoja, nikamweleza nini cha kuangalia usiku. Kisha nikafungua daftari kwenye ukurasa mpya, nikaandika jina lake.

Akanyoosha shingo kuchungulia. "Tunahesabu kuanzia jana au leo?"

Nikamsogezea daftari aone ninachoandika. Jana: siku ya sifuri. Leo: siku ya kwanza.